Winston hakufa kwa bomu: uchambuzi wa kisa cha kinyamadege wa Churchill, 1943

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto baharini, meli ya mizigo MV Port Phillip iling'oa nanga Australia ikielekea Liverpool. Ndani yake alikuwamo abiria ambaye habari zake zilifichwa kama siri ya jeshi: kinyamadege mmoja (mnyama wa mtoni wa Australia mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai na kunyonyesha) kijana, dume, aliyepewa jina la Winston kwa heshima ya mtu aliyekuwa akimsubiri, Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza. Safari ilipangiwa siku 45. Mapema Novemba, zikiwa zimebaki siku nne tu kufika, alikutwa amekufa ndani ya maji ya banda lake.

Lawama alitupiwa adui. Meli ilikutana na nyambizi ya Wajerumani, ndivyo ilivyoelezwa, mabaharia wakatupa mabomu ya kulipua nyambizi, na mshindo wake ukamuua mnyama ambaye mdomo wake umejaa neva kupita kiasi. David Fleay, mtaalamu aliyemwandaa kwa safari, aliamini hivyo na akaandika hivyo. Maelezo hayo yalidumu takriban miaka 80. Kisha makaratasi ya Fleay mwenyewe, yanayotunzwa na Australian Museum mjini Sydney, yalipopitiwa na wanafunzi wa University of Sydney, daftari la safari likaonekana. Limeandikwa joto la hewa na la maji mara mbili kwa siku, saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, pamoja na chakula alichopewa mnyama.

Daftari hilo tunalisoma hapa kwa kufuata biolojia ya kinyamadege (wapo pia wanaomwita platipasi). Ukilisoma hivyo, bomu halihitajiki. Winston aliuawa na joto na njaa, na hivyo viwili vilitoka mahali pamoja.

Jinsi safari ilivyopangwa

Churchill alipenda wanyama wa ajabu, na safari hii aliomba vinyamadege sita. Ombi lilipitia kwa H. V. Evatt, waziri wa mambo ya nje wa Australia, likamfikia Fleay, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi ya wanyama ya Healesville katika jimbo la Victoria. Sheria ya Australia ilikataza kumtoa kinyamadege nje ya nchi, lakini nchi ilikuwa vitani na ombi lilitoka kwa mkuu wa serikali ya Uingereza. Fleay alishtuka. Alibishana hadi sita wakawa mmoja.

Alikuwa na sababu. Kabla ya hapo, kinyamadege pekee aliyewahi kufika nje ya Australia akiwa hai alikuwa yule wa mwaka 1922: watano walipakiwa kwenda New York, mmoja akafika, naye akaishi takriban wiki saba. Ulaya haikuwa imewahi kumwona hata mmoja akiwa hai.

Basi Fleay akajenga banda maalumu la safarini: sehemu ya maji ya kuogelea na kutafutia chakula, na sehemu kavu yenye mashimo yaliyotandikwa nyasi kavu. Maji yaliyopakiwa yalikuwa ya kijito cha Australia. Nyungunyungu 50,000 waliandaliwa, pamoja na kastadi ya mayai ya bata ya kumpa kama kitoweo cha ziada. Mhudumu aliajiriwa kumtunza mnyama njia nzima. Kwa ujuzi wa 1943 huo ulikuwa mpango makini sana, na hakuna mtu duniani wakati ule ambaye angepanga vizuri zaidi. Kasoro yake moja haikuonekana ikiwa bado Victoria, kwa sababu Victoria ina baridi.

Mwili uliotengenezwa kwa maji baridi

Joto la mwili wa kinyamadege ni takriban nyuzi 32 za Selsiasi. Letu ni 37. Zamani wataalamu walidhani tofauti hiyo ni dalili ya mnyama duni asiyeweza kujirekebisha, na walikosea: akiogelea usiku kucha katika maji yanayokaribia nyuzi 0, bado huibakiza 32 yake. Manyoya yake yana tabaka mbili. La ndani ni zito na laini na hunasa hewa, hata ngozi haiguswi na maji. La nje ni refu na hulinda lile la ndani. Katika miguu ya nyuma, mishipa inayopeleka damu ya moto na ile inayorudisha damu baridi hupita ikiwa imebanana, joto likahamia kwenye damu inayorudi badala ya kupotelea majini kupitia ngozi ya vidole. Mkia mpana ni ghala la mafuta, na unaweza kubeba hadi nusu ya mafuta yote ya mwili.

Yaani kila kitu mwilini mwake hufanya kazi ya kuzuia joto lisitoke. Lakini afanyeje joto linapotakiwa kutoka? Porini hajibu swali hilo kwa mwili, hujibu kwa kuhama. Mchana hulala ndani ya shimo alilochimba ukingoni mwa mto, ambako udongo hubaki na ubaridi hata siku ya jua kali. Usiku huingia majini. Hewa inapopita nyuzi 30 na hana pa kukimbilia, uwezo wake wa kujipooza huisha haraka.

Tazama ndugu yake, ekidna, ambaye naye hutaga mayai na kunyonyesha. Yeye huishi hadi kwenye jangwa. Hana jasho wala hatweti kama mbwa, lakini hupuliza kamasi puani ikapasuka na kuilowesha ncha ya pua, na unyevu ukikauka huipooza damu inayopita hapo. Pia anaweza kuushusha mwili wake ukapoa na kubaki umezizima kwa siku kadhaa bila kula. Ekidna wamewahi kuishi miongo kadhaa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani. Churchill angeomba ekidna, kuna uwezekano mkubwa angempata mzima.

Sasa tupige hesabu ya kinyamadege. Mwili uliomo majini hupoteza joto kulingana na pengo kati ya joto lake na la maji. Kijito cha Victoria chenye nyuzi 12 kinampa pengo la nyuzi 20. Maji yakiwa nyuzi 27, pengo ni 5. Yaani kwa manyoya yaleyale na mwendo uleule, joto linalotoka ni robo tu ya lile la nyumbani. Na misuli haizalishi joto pungufu kwa sababu maji yamepata moto: kuogelea ni kazi, na kila anapozama kutafuta chakula huongeza joto ambalo limekosa njia. Wataalamu wa leo huzihesabu nyuzi 27 kuwa ukingo wa usalama wake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anajua nyuzi 27 ni nini. Ni maji ya kawaida ya bomba mchana, ambayo mtu huoga bila hata kutetemeka. Kwa kinyamadege ndiyo mwisho wa uvumilivu.

Wiki ya ikweta

Port Phillip ilivuka Pasifiki, ikapita Mfereji wa Panama, kisha ikashika Atlantiki kuelekea kaskazini. Njia hiyo hukata ukanda wote wa joto. Daftari linaonyesha joto likipanda kadiri meli ilivyosogea ikweta, na kwa takriban wiki moja hewa na maji ya banda vilikuwa juu ya nyuzi 27.

Kuna jambo katika namba hizo ambalo ni rahisi kulipita. Vipimo vilichukuliwa saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Hizo ni saa za afadhali. Saa 8 mchana, jua likiwa limelipiga sitaha la chuma tangu asubuhi, hakuna aliyeandika chochote. Kwa hiyo namba za daftari tuzichukulie kama kiwango cha chini cha kila siku. Aliyekuwa akizisoma kila jioni huenda aliona hali ni mbaya kiasi. Mnyama aliishi hali mbaya zaidi kila mchana, saa zilezile ambazo kwa maumbile yake alipaswa kuwa amelala shimoni penye ubaridi.

Shimo lenyewe nalo lilikuwa limegeuka. Ukingoni mwa mto, joto la mnyama hunyonywa na udongo unaomzunguka pande zote. Ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa nyasi kavu, joto linabaki na mwenyewe. Nyasi kavu ni blanketi. Huko Healesville katika majira ya baridi blanketi hilo lilikuwa sahihi kabisa. Kwenye ikweta lilimfunika mgonjwa wa homa. Unyevu nao uliongeza taabu, maana maji ya banda yalikuwa yakitoa mvuke ndani ya chumba kilekile, na mvuke ukijaa hakuna kinachokauka wala kupoa.

Nyungunyungu hawakuvumilia pia

Hapa ndipo joto na njaa vinapokutana. Kinyamadege aliyefugwa hula kila siku kati ya asilimia 15 na 28 ya uzito wake. Kwa kijana wa kilo 1, hiyo ni gramu 150 hadi 280 za chakula kibichi, siku baada ya siku, bila kuruka. Porini hutumia takriban saa 10 hadi 12 kila siku akizama na kuibuka, mizamo kama 75 kwa saa moja, kila mzamo ukiwa wa takriban nusu dakika. Anachokamata hukiweka kwenye mifuko ya mashavu, hukisaga juu ya maji kwa mabamba magumu yaliyochukua nafasi ya meno, kisha humeza. Tumbo lake ni kipanuko kidogo tu kisicho na tezi za asidi. Uchunguzi wa jenomu (jumla ya jeni zake), uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba jeni za vimeng'enya vya tumboni zimepotea. Hawezi kujaza tumbo leo akasubiri keshokutwa kama simba. Akiba yake ni mkia tu.

Nyungunyungu 50,000 ukiwagawa kwa siku 45 unapata kama 1,100 kwa siku. Hesabu hiyo inatosheleza kwa sharti moja, kwamba wote wabaki hai hadi siku watakapoliwa. Kila aliyewahi kufuga nyungunyungu kwa ajili ya mbolea au chambo anajua sharti hilo lilivyo gumu. Hustawi kwenye udongo wa ubaridi wenye unyevu wa wastani. Sanduku likipata moto wa karibu nyuzi 30 wanaanza kufa. Wanaokufa huoza upesi, huutia udongo joto na uchafu, na huua waliobaki. Sanduku zima linaweza kwisha kwa siku mbili.

Ndivyo ilivyotokea. Nyungunyungu walianza kufa njiani, na daftari linaonyesha posho ya Winston ikipunguzwa. Mhudumu hakuwa na mahali pa kupata wengine katikati ya bahari. Alifanya ambalo yeyote angefanya: alipunguza cha leo ili cha kesho kibakie. Kwa mnyama mwingine huo ungekuwa uamuzi wa busara. Kwa mnyama anayekula robo ya uzito wake kwa siku, kupunguza posho ni kuanza kuula mkia wake. Kastadi haikuweza kuliziba pengo hilo, na mnyama aliyezidiwa na joto hupoteza hamu hata ya kile kilichopo mbele yake.

Je, mabomu?

Hoja ya Fleay haikuwa ya kijinga. Kinyamadege akizama hufumba macho, masikio na pua, akabaki na mdomo peke yake. Mdomo huo si mgumu kama wa bata. Ni ngozi laini yenye unyevu, imejaa vihisio vya mguso kama 60,000 na vihisio vya umeme kama 40,000. Misuli ya kamba mdogo aliyejificha chini ya jiwe ikitikisika hutoa umeme hafifu mno, na mdomo huunasa kabla mtikisiko wa maji haujafika. Vihisio vya umeme vilithibitishwa mwaka 1986 tu, katika majaribio yaliyofanywa Canberra na Henning Scheich na wenzake, kwa hiyo Fleay hakuvijua. Alichojua ni kwamba mdomo huo huhisi mnyumbuliko wa kiluwiluwi wa mbu, na akafikiri: kiungo kama hicho kitastahimilije mlipuko?

Tatizo liko kwenye njia ambayo mshindo ungepitia. Bomu la kulipua nyambizi hupasukia ndani kabisa ya bahari, na ukali wake mkubwa husafiri majini. Winston hakuwa baharini. Alikuwa kwenye maji ya banda lake, ndani ya meli, na kati yake na mlipuko palikuwa na bamba la chuma, hewa na mbao. Kila mshindo unapovuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine, hasa kutoka chuma kwenda hewani, sehemu kubwa hurudishwa nyuma. Angehisi mtikisiko na kelele, na pengine angetishika sana. Lakini kuuawa papo hapo na shinikizo huku watu na vyombo vikiwa salama ni jambo gumu kulikubali.

Halafu upo ushahidi wa aliyekuwapo. Yamehifadhiwa mahojiano ya mhudumu wake, yaliyofanywa miaka mingi baadaye, na ndani yake anakanusha habari ya mlipuko mkubwa: hali ilikuwa tulivu, na mnyama alikutwa tu amekufa. Wanafunzi wa Sydney hawakulifuta kabisa wazo la nyambizi, na wamefanya sawa kutolifuta, kwani mshtuko wa kelele unaweza kummaliza mnyama aliyekwisha dhoofika. Walichosema ni kwamba joto lile peke yake lilitosha kuua.

Kwa nini hakufa wiki ileile

Hili ndilo swali gumu zaidi kwa maelezo ya joto, na ni lazima lijibiwe. Siku nne kabla ya Liverpool, mwezi Novemba, meli iko Atlantiki ya kaskazini. Ikweta iko mbali nyuma na hewa imekwisha kuwa ya baridi. Kama joto ndilo lililoua, mbona maiti imepatikana kwenye baridi?

Tunavyoona sisi, jibu liko mkiani. Wanaowatunza vinyamadege na wanaowapima porini hutumia kipimo rahisi cha vidole: wanaufinya mkia na kuupa alama kutoka 1 hadi 5. Alama ya 1 ni mkia uliojaa, mgumu, uliovimba juu. Alama ya 5 ni mkia uliokonda, kingo zake zinakunjika na mifupa inahisika katikati. Mnyama aliyepita wiki nzima akihangaika na joto, akila pungufu, anatoka kwenye ukanda wa joto akiwa ametumia akiba. Kisha anaingia kwenye baridi, na kwenye baridi mwili unadai nishati zaidi ili kubaki na zile nyuzi 32. Porini asingejali, angekula zaidi. Melini chakula kilikuwa kimepungua kuliko wakati wowote tangu safari ianze. Kwa hiyo kuingia kwenye hali ya hewa iliyofanana na ya kwao hakukuwa nafuu, kulikuwa deni la pili juu ya la kwanza.

Kukutwa kwake ndani ya maji kunaafikiana na picha hiyo. Kinyamadege aliyeishiwa nguvu manyoya yake hulowa, kwa sababu kuyatunza ni kazi: huyachana kwa kucha za miguu ya nyuma mara kwa mara ili yaendelee kunasa hewa. Akiacha, maji yanaifikia ngozi, na kinga yote tuliyoieleza inaanguka ndani ya muda mfupi.

Na umri wake ulimpunguzia nafasi. Alikuwa kijana, na vijana wa vinyamadege hutoka shimoni wakiwa bado hawajajijengea akiba ya mtu mzima.

Yaliyokuwa yakitokea Healesville

Inauma kidogo kujua kwamba katika siku hizohizo, nyumbani, Fleay alikuwa karibu kupata lile ambalo hakuna mtu aliwahi kulipata. Jike lake, Jill, alikuwa ameingia shimoni na kuziba njia kwa udongo. Tarehe 3 Januari 1944 Fleay alifukua na kumkuta mtoto, Corrie, wa umri wa takriban wiki nane, kinyamadege wa kwanza kuzaliwa mikononi mwa binadamu. Rudisha wiki nane nyuma, unafika mwanzoni mwa Novemba, wakati maiti ya Winston ikiwa bado baharini. Ilipita hadi 1998 ndipo Healesville ikapata tena watoto.

Kisa hicho kinatufaa hapa kwa sababu kinaonyesha kiasi cha chakula ambacho mnyama huyu hudai maisha yanapomzidishia mzigo. Jike hutaga yai 1 hadi 3, mara nyingi 2, kila moja likiwa na urefu wa milimita 17 hivi, ganda lake laini kama ngozi kuliko la kuku. Hujikunja na kuyabana kati ya tumbo na mkia kwa takriban siku 10. Yakianguliwa, hana chuchu za kuwapa watoto. Maziwa hutoka kwenye vitundu vya ngozi ya tumbo na kulowesha manyoya, nao huyaramba hapo kwa miezi mitatu hadi minne. Jike anayekaribia kuachisha anaweza kula kwa siku chakula kinachokaribia uzito wake mwenyewe. Mfugaji asiyeweza kuliona shimo kwa ndani huyajua mambo haya kwa kupima ndoo ya chakula: posho ikipanda kwa kasi, kuna mdomo wa pili. Na posho ikishuka, kama ya Winston, kuna mwili unaojila.

Kutaga kwenyewe kulikuwa na umri wa miaka 59 tu katika sayansi. W. H. Caldwell alikuwa amelithibitisha mwaka 1884, baada ya karibu karne ya mabishano. Vihisio vya umeme bado, kromosomu 10 za jinsia bado, tumbo lisilo na asidi bado halijaelezwa kwa jeni. Kumhukumu Fleay kwa tunayoyajua leo si haki, na hatufanyi hivyo.

Safari zilizofika

Mwaka 1947 Fleay alipeleka wengine watatu, Cecil, Penelope na Betty, kwenye Bronx Zoo mjini New York, na safari hii alisafiri nao mwenyewe. Walifika wote wakiwa hai. Betty hakudumu, lakini Cecil na Penelope waliishi huko takriban miaka kumi. Kwa hiyo ukanda wa joto unavukika kwa meli, akiwapo mtu anayemsoma mnyama saa kwa saa na kubadili mpango kabla daftari halijamlazimisha. Novemba 2019, San Diego Zoo Safari Park ilipokea wawili, Birrarung na Eve, kutoka Taronga Zoo ya Sydney. Hao walikwenda kwa ndege, na siku 45 zikawa saa.

Mtu akipewa leo kazi ya safari ya bahari kama ile, jambo la kwanza ni maji. Yatiwe barafu au kipoozeo yabaki karibu na nyuzi 15 hadi 20, na sehemu ya kulala ipoozwe pia, kwani saa nyingi mnyama yuko humo. Nyasi zipunguzwe mara tu hewa inapopanda. Nyungunyungu wasikae sanduku moja: wagawanywe kwenye masanduku mengi madogo, ili lililooza lisiwaambukize wengine, na yote yawekwe penye ubaridi kabla ya mnyama hajahitaji. Kuwe na chakula cha pili kisichotegemea udongo, kama kamba wa maji baridi, na mnyama awe amezoeshwa kukila kabla ya kuondoka. Mlango kati ya maji na kitanda uwe mwembamba wa kumbana, ili maji yakamuliwe manyoyani anapopita.

Kumpima uzito kunahitaji uangalifu. Dume ana mwiba wenye sumu katika kila kifundo cha mguu wa nyuma, na sumu huzidi majira ya kuzaliana, kuanzia mwisho wa baridi hadi majira ya kuchipua ya kusini, yaani miezi ileile Port Phillip ilipokuwa njiani. Kwa kijana mwiba huo bado umefunikwa na ala, lakini mtu hajizoeshi uzembe. Maumivu yake hayatulizwi hata na mofini. Hushikwa nusu ya mwisho ya mkia, ambako miba haifiki, akatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani, akarudishwa. Dakika mbili zinatosha, na katika dakika hizo mkono ulioshika mkia umekwisha kujua alama yake.

Daftari la Winston lina joto la asubuhi, joto la jioni na chakula. Joto la mchana, uzito na mkia hayamo.